Kile Sikuweka Kwenye Vidio ya Watamu

Wasee, wacha niwaambie ukweli. Ile vidio yangu ya Watamu, ile wengi wenu mliniandikia "maisha iko fiti", irudieni mwangalie vizuri. Hakuna mahali miguu yangu inaonekana hata sekunde tano mfululizo. Mlidhani ni staili ya kamera. Ni kwa sababu nilikuwa najikuna, kila saa, kama mbwa wa soko.

Mimi ni mtoto wa Umoja. Mbu nawajua, wale wa kukuimbia kwa sikio saa nane usiku. Kile sikujua ni usubi. Usubi hawaimbi. Ni vidudu vidogo kama chembe ya pilipili manga, vinatoka kwa matope ya mikoko upepo ukitulia, jioni jua likizama na tena alfajiri. Yaani ile saa tu mwanga ni mtamu wa kupiga picha. Tulisimama kando ya mikoko ya Mida, watu wanne na simu mbili, nikaongea dakika ishirini kuhusu amani ya pwani. Kesho yake nikaanza kuhesabu alama kwa mguu mmoja. Nikifika sitini nikaachia hapo.

Na tulikuwa tumeonywa. Mama aliyetukodishia nyumba alitwambia siku ya kwanza, "Wanangu, jioni vaeni nguo ndefu, mjipake mafuta ya nazi. Na usiku mshushe neti." Yeye mwenyewe magharibi ikifika aliwasha makumbi ya nazi nje ya mlango, moshi ukatanda barazani. Sisi tukacheka. Neti niliipiga fundo juu ya kitanda kwa sababu kwa kamera chumba kilikuwa kinakaa wodi. Nikalala hivyo siku zote tano.

Sasa, usubi ndio waliniwasha, lakini si wao waliniangusha.

Siku kumi na mbili baada ya kurudi, niliamka nikitetemeka. Ilikuwa Julai, Nairobi yote inatetemeka, so nikajiambia ni homa ya baridi. Nikameza dawa ya maumivu. Siku ya pili kichwa kinapasuka, viungo vinauma, chai haikai tumboni. Mamangu akanishika mkono hadi kliniki moja ya mtaa. Yule jamaa akaniuliza, "Umesafiri mahali hivi karibuni?"

Kabla nifungue mdomo, mamangu akajibu, "Alienda Nakuru tu, kikazi."

Nikanyamaza.

Hapa ndio sehemu ngumu. Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, nimeshaongelea hiyo. Kile sijawahi kusema ni kwamba baada ya hapo mamangu alichukua mkopo kwa chama chao nifanye kozi fupi, angalau niwe na karatasi fulani. Elfu kumi na nane. Hiyo doh ndiyo ilinipeleka Watamu. Mpango ulikuwa vidio ilipe, nirudishe kabla ajue. Kwa hivyo nikamwambia nimepata kazi ya siku tano Nakuru. Na siku ile nikiwa mbele ya mtu anayejaribu kunitibu, nikachagua kulinda uongo wangu badala ya mwili wangu. Nikapewa dawa za kifua nikarudi nyumbani.

Usiku wa nne nilikuwa naongea maneno hayaeleweki. Mamangu alikuwa ananipanguza jasho na kitambaa, akafika miguuni, akasimama. Akaleta tochi ya simu. Kitu mnapaswa kujua ni kwamba kabla nizaliwe, huyu mama alifanya kazi za nyumba Malindi miaka mitatu.

"Hawa ni usubi," akasema. "Hakuna usubi hawa Nakuru. Ulikuwa pwani."

Hakupiga kelele. Hilo ndilo linaniuma hadi leo. Alivaa koti, akaita teksi.

Hospitalini walinidunga kidole, tone moja la damu kwa kile kipimo kidogo. Haikumaliza nusu saa: malaria. Daktari akanieleza kitu nilifaa kujua kabla ya safari. Sisi tuliokulia Nairobi, mwili wetu haujazoea malaria kama wa mtu aliyekua nayo, so ikitupata inatupiga vibaya. Na haiji siku umeumwa. Inaweza kungoja wiki moja, mbili, hata zaidi, wakati umeshasahau bahari. Halafu kuna mbu wengine, wa mchana, wanaobeba dengi na chikungunya. Mombasa iliwahi kupata mlipuko wa chikungunya mwisho wa 2017 hadi 2018. Hao neti ya usiku haitakuokoa nao, ni nguo ndefu na dawa ya kujipaka. Na homa ukiwa umetoka pwani, usikimbilie kumeza aspirini au ibuprofeni, kwa sababu kama ni dengi zinaweza kukuletea kuvuja damu. Kwanza upimwe.

Nilipewa dozi ya siku tatu, mara mbili kwa siku, na chakula chenye mafuta. Mamangu alikaanga mandazi saa kumi na moja asubuhi kabla aende kazi ndio nisimeze dawa tumbo tupu. Mandazi ya mtu aliyeibiwa na anayemlisha. Maze, sijawahi kula kitu kizito hivyo.

Vidio ililipa, lakini haikufika hata robo ya mkopo. Ninamrudishia mia tano kila Ijumaa. Bado safari ni ndefu.

So Desemba ukishuka pwani, msikilize mwenye nyumba. Shusha neti hata kama inaharibu picha. Na ukirudi na homa, ukiulizwa ulikuwa wapi, sema ulikuwa wapi, hata kama aliyekaa kando yako ndiye ulimdanganya.

Juzi nilimwonyesha ile vidio, mara ya kwanza. Aliangalia hadi mwisho, kimya. Halafu akanirudishia simu.

"Ni pazuri," akasema. "Lakini mbona unajikuna hivyo mbele ya watu?"