Miaka Yangu ya Bawaba

Wateja wengi wanaopanda ngazi kuja kwangu huanza kwa kujitetea. Salamu haijaisha, zipu ya begi imeshafunguliwa, laptopu iko mezani imefungwa kwa mpira wa kubania noti, na mwenyewe anaapa: "Fundi, hii haijadondoka. Nilifungua tu kama siku zote, ikalia kraa!" Nami huwaamini. Laptopu iliyodondoka hujisema yenyewe: kona imebonyea, kioo kina ufa ulioanzia ukingoni. Iliyovunjwa na bawaba yake haina jeraha lolote kwa nje isipokuwa pale pale kwenye bawaba, ambapo kava limeachana na kubaki wazi. Mwenye nayo hana kosa, na mtu wa kwanza kumwambia hivyo huwa ni mimi.

Sikuanza na kompyuta. Nilisomea ufundi VETA Chang'ombe, kisha nikapokewa na mzee mmoja wa Kariakoo aliyekuwa akitengeneza redio na televisheni za chogo. Mzee yule hakupenda kijana anayekimbilia pasi ya kuchomelea. Chombo kikifika alikizungusha, akakinusa, akamuuliza mwenyewe huko nyumbani kinakaa wapi na nani anakiwasha. "Kilichoharibika utakiona tu," alizoea kuniambia, "wewe nitafutie kilichokiharibu." Kifaa kikiungua ndani ya redio, ukakibadilisha bila kujua kilichokiunguza, wiki ijayo mteja yuko mlangoni. Sijapata somo jingine lililonilisha kuliko hilo.

Televisheni za chogo zilitutupa mkono taratibu. Julai 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM ulizinduliwa Dar es Salaam, na miaka iliyofuata maduka ya mtaani yakaanza kujaa laptopu zilizotumika, mizigo kutoka Dubai na Uingereza. Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa jijini. Watu wakatafuta ving'amuzi, na wengi waliokuwa na uwezo wakaona heri wanunue na televisheni bapa kabisa. Meza ya mzee ikabaki na redio chache za wazee wenzake. Alinibariki, nikahamia jengo jingine lililo hatua chache kutoka Mtaa wa Aggrey, ghorofa ya kwanza, meza moja na taa moja.

Kazi iliyokuwa ikipiganiwa na mafundi siku hizo ilikuwa ya mazabodi: kufufua mashine iliyokufa kabisa. Hiyo ndiyo iliyokuwa na sifa na fedha. Bawaba ilionekana kazi ya gundi, kazi ya kumpa kijana wakati fundi mwenyewe amekwenda kula. Mimi ndiyo niliyoipenda, kwa sababu niliona mashine nzima, yenye mazabodi safi na kioo kizuri, zikitupwa kwa ajili ya vipande viwili vya plastiki vidogo kuliko punje ya hindi.

Ukifungua kava la nyuma ya kioo utaona jambo lenyewe. Bawaba ya laptopu haifanani na ya mlango. Ya mlango inatakiwa izunguke bila kusumbua. Hii inatakiwa isumbue, maana bila ukinzani kioo kingelala chenyewe. Kwa hiyo ndani yake mna mhimili wa chuma uliobanwa na safu ya wosha na nati, au umezungushiwa bati gumu la chuma, na katikati ya vyuma hivyo imepakwa grisi. Mkono mmoja wa bawaba umefungwa kwenye fremu ya kioo, mwingine kwenye upande wa kibodi, kwa skrubu fupi za milimita 2 au 2.5. Skrubu hizo haziingii kwenye chuma. Zinaingia kwenye nati ndogo za shaba ya njano, na nati hizo zimezamishwa kiwandani kwa moto ndani ya vinguzo vya plastiki.

Miaka miwili, mitatu ikipita, grisi hukauka. Vumbi linaingia, na kwa wateja wangu wanaoishi karibu na bahari naona na kutu. Bawaba inakuwa ngumu, ugumu unaokuja kidogo kidogo hata mwenye mashine asiutambue, kwa sababu mkono wake unazoea kuvuta kwa nguvu zaidi. Sasa fanya hesabu. Ukingo wa kioo unaoushika uko karibu sentimita 22 kutoka kwenye mhimili. Skrubu ziko sentimita moja hivi kutoka hapo. Ukivuta kwa nguvu ya kilo moja huko juu, kule chini skrubu zinabeba kilo zipatazo 20, kama vile umeweka mtaimbo. Na watu wengi hufungua kwa kushika kona moja, mkono mwingine una chai au simu, kwa hiyo mzigo karibu wote unaangukia bawaba moja. Chuma hakiondoki. Kinachoondoka ni nati ya shaba, inang'oka na plastiki yake.

Huku mitaani dawa zake ni mbili. Ya kwanza ni supa gluu. Gundi hiyo hukauka haraka na kuwa ngumu, lakini ni ngumu ya kukatika: haivumilii kupindwa, na mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki. Ya pili ni kutoboa kava kwa drili na kupitisha bolti hadi nje. Ya pili inashika, siibezi. Kuna mashine nimeziona zimetembea na bolti zake miaka na mwenyewe anakula nazo riziki. Lakini zote mbili zina kasoro moja ambayo mzee wangu angeiona kabla ya kuvaa miwani. Plastiki imeshikwa, bawaba imeachwa na ugumu wake ule ule. Mwezi ujao itang'oa tena, na safari hii itaondoka na kipande kikubwa zaidi, au bolti itapasua kava zima.

Alikuja binti mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu, kipindi kile wanachomalizia tasnifu, mashine yake imeshapita kwa mafundi wengine.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Kaa kwanza."

Laptopu ilikuwa ya kaka yake, naye kaka aliirithi kazini. Upande wa kushoto ulikuwa na tabaka za gundi. Kioo kilikuwa kikizima ukikisogeza na kuwaka ukikirudisha, na alikuwa ameambiwa kioo kimekufa, anunue kingine. Alikuwa ananiuliza bei huku anaangalia sakafu, fedha za bodi ya mikopo zimeshakwisha.

Nilitoa betri kwanza, kama ninavyofanya kila mara. Kisha nikafuata waya wa kioo. Waya huo hupita kando kabisa ya bawaba, mwembamba, umevikwa utepe, ndani yake nyuzi nyembamba kama nywele. Bawaba ikihama mahali pake, huubana na kuukata taratibu. Niliukuta umeminywa lakini haujakatika, nikauachia nafasi yake, nikajaribu: kioo kikawaka bila kucheza. Hakikuwa kimekufa. Binti alivuta pumzi nikaisikia.

Baada ya hapo ndipo ikaanza kazi yenyewe. Gundi ya zamani niliiparua yote kwa ncha ya kisu, maana gundi mpya ikikaa juu ya gundi mbovu, imeshika ubovu. Nikapiga msasa mpaka plastiki ikakosa mng'ao, nikapangusa kwa spiriti. Bawaba nikaiweka kwenye kibano cha meza, nikatia alama ya kalamu kwenye nati yake, nikailegeza robo ya mzunguko, nikaongeza tone la grisi, nikaichezesha mbele na nyuma mpaka ikaanza kuzunguka kwa ulaini unaolingana mwanzo hadi mwisho. Kipimo changu ni kidole: kioo kisimame pale unapokiacha, lakini ukikiinua kwa kidole kimoja katikati, upande wa kibodi usitake kuinuka nacho.

Nati za shaba nilizifunga kwanza kwenye bawaba yenyewe kwa skrubu zake, kabla ya kuzigandisha kwenye kava. Ukizigandisha moja moja kwa kukadiria kwa macho, hazitalingana na matundu, na utalazimisha skrubu kwa nguvu, na hapo umeshaanza kuvunja upya. Skrubu nilizipaka grisi kidogo ili gundi isiingie kwenye meno. Chini ya bati la bawaba nikaweka kipande cha nailoni lisinate. Halafu gundi ya mirija miwili, ile inayochanganywa nusu kwa nusu, si ya dakika tano bali ile inayotaka siku nzima kukomaa. Nikakandamiza, nikaiacha.

"Siwezi kuichukua jioni?" aliniuliza.

"Jioni itakuwa imeshika. Kesho itakuwa imekomaa. Nakupa kesho."

Alitaka kulia, nikampa mashine yangu ya kuazima aendelee na kazi yake pale pale mezani. Tasnifu aliimaliza kwa laptopu ile ile ya kaka yake, na mdogo wao ndiye anayeitumia sasa. Mdogo huyo alikuja nayo mwenyewe kwa shida nyingine ya chaji, bawaba ikiwa salama.

Si kila kava lililoachana ni bawaba, na hapa nasema kwa ukali kwa vijana wangu. Mashine ikija imebenuka chini ya kibodi, kipanya cha kugusa kimeinuka au hakibonyezeki, usiikandamize wala usiifunge kwa skrubu. Hiyo ni betri iliyovimba. Betri za lithiamu zikichoka hutoa gesi ndani ya mfuko wake, na gesi hiyo ina nguvu ya kupasua kava. Ukiitoboa kwa bisibisi inaweza kulipuka moto ambao kitambaa chenye maji hakiuzimi. Namwambia mteja aache kuchaji tangu dakika hiyo, naitoa kwa kipande cha plastiki, na kava baada ya hapo mara nyingi hurudi mahali pake lenyewe.

Palipokatika vibaya kiasi cha kutobaki kitu cha kugandisha, naenda kwenye rafu yangu ya maiti, laptopu zilizokufa mazabodi ambazo wenzangu huziuza kwa kilo. Kutoka humo natoa kava, bawaba, kibodi, hata skrubu. Mteja akiuliza kama kava la rangi nyingine litamfaa, humwambia ukweli: ndani hakuangaliwi rangi.

Nawalaumu wanaotengeneza mashine hizi kwa sababu wanajua. Laptopu ya mwanzo kabisa yenye kioo kinachofunikwa juu ya kibodi, GRiD Compass iliyochorwa na Mwingereza Bill Moggridge na kutoka 1982, ilikuwa na jumba la magnesiamu. ThinkPad za kazini ninazopokea mpaka leo, nyingi zina fremu ya chuma chepesi chini ya plastiki na bawaba nene za chuma cha pua, na ni nadra kuziona mezani kwa tatizo hili. Framework ya Marekani, iliyoanza kuuza laptopu 2021, inauza bawaba kama spea, tena kwa viwango tofauti vya ugumu, na mwenye mashine anazifunga mwenyewe. Ujuzi upo. Kipande cha bati chini ya skrubu tatu kingeongeza gharama ndogo sana, na kingemwacha mwanafunzi na mashine yake miaka mitano zaidi. Anayenunua ile ya bei ya chini ndiye asiyeweza kununua nyingine, na ndiye aliyepewa kinguzo cha plastiki. Hilo linaniuma, na sioni sababu ya kulisema kwa upole.

Bati hilo sasa tunalitengeneza wenyewe. Kijana wangu mwenye jicho la vipimo huchora umbo la bawaba kwenye karatasi ngumu, na fundi chuma wa eneo la Gerezani hutukatia kwa bati la milimita moja na kututobolea matundu. Linakaa chini ya kava, linashika nati zote kwa pamoja, na mzigo unatawanyika kwenye eneo pana badala ya kuangukia vinguzo viwili. Tumeanza na aina tatu za laptopu zinazokuja sana. Ya nne inatusumbua, kwa sababu ni ya kioo cha kugusa: kioo chake ni kizito, bawaba zake kali, na chini yake hakuna nafasi hata ya milimita moja. Kijana anataka tujaribu bati la nusu milimita lililokunjwa kingo. Jumatatu anakwenda Gerezani.