Uloto wa Ndugu



Wapendwa taifa la Mungu, juma hili naomba nitafakari pamoja nanyi jambo lililonikosesha usingizi. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa parokia yetu alinijia akilia. Binti yake wa kwanza alikuwa na selimundu, na wakwe walimwambia kuwa ameleta laana katika ukoo. Nilimbariki, nikamwambia ni mapenzi ya Mungu, avumilie. Leo nakiri mbele yenu kwamba lile lilikuwa jibu la mtu mwenye haraka. Wanafunzi walipomwuliza Yesu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, Yeye hakuwatwisha wazazi mzigo huo.

Selimundu hurithiwa kwa baba na mama, wote wawili. Wazazi wanaobeba chembe hiyo bila kuugua, katika kila mimba yao uwezekano wa kuzaa mtoto mgonjwa ni asilimia 25. Basi kumtupia mama peke yake lawama ni uongo, na uongo huo ni dhambi.

Mwaka 1984 madaktari wa Memphis, Marekani, walitoa taarifa ya msichana wa miaka 8 aliyekuwa na saratani ya damu pamoja na selimundu. Walimpandikiza uloto wa mdogo wake wa kiume wakikusudia kutibu saratani, na selimundu nayo ikatoweka. Sababu ni kwamba ndani ya uloto zimo seli shina, ambazo ndizo chemchemi ya damu yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, juu ya wagonjwa 1,000, wengi wao watoto, waliopandikizwa seli za ndugu zao wanaolingana nao, ulionyesha kuwa takriban 93 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Nchini mwetu, Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye selimundu mwaka 2023.

Wengine wameniuliza kama Kanisa linaridhia. Hati ya Dignitas Personae ya mwaka 2008 iko wazi: seli shina za mtu aliyekwisha kuzaliwa, au za damu ya kitovu wakati wa kuzaliwa, zaweza kutumika, mradi mtoaji asipate madhara makubwa. Linalokatazwa ni kuangamiza kiinitete ili kupata seli hizo.

Sasa yule mama amerudi. Watoto wake wengine wamepimwa, na kitindamimba, mwenye miaka 7, analingana na dada yake. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wana nafasi moja tu kati ya nne ya kulingana hivyo. Mtoto yule alinishika kanzu akaniuliza, “Padre, nikimpa dada damu yangu, mimi nitabaki na nini?”

Safari hii sikuwa na haraka. Nilikwenda kwanza kumwuliza daktari, kisha nikamweleza kijana: utalazwa usingizi, uloto utachotwa katika mifupa ya nyonga, utaumwa siku chache, na ndani ya majuma machache mwili wako utaurudisha. Sikumficha maumivu, kwa kuwa hakuna anayetoa sadaka kwa kudanganywa.

Wazazi nao niliwaambia ukweli. Kabla ya kupandikizwa, binti atapewa dawa kali za kuua uloto wake wa zamani. Dawa hizo zaweza kumnyima uzazi baadaye, na seli za mdogo wake zaweza kuushambulia mwili wake. Wale saba katika mia nao wana mama zao. Uamuzi ni wao, nami sitawaambia tena kwamba jibu lolote ni mapenzi ya Mungu kabla sijawasikiliza.

Wameamua kwenda. Binti atahitaji damu nyingi kabla uloto mpya haujashika. Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili tutachangia damu; nami nitakuwa wa kwanza kunyosha mkono.

Mwenyezi Mungu awabariki nyote.