Akikosa Jumapili tatu, nani anamuuliza?

Kuna utani wa siku nyingi makanisani kwamba kipaimara ni sherehe ya kuagana. Mtoto anahudhuria mafundisho miezi na miezi, anakariri sala na amri, anashonewa suti au gauni jeupe, ndugu wanakula pilau na keki, na baada ya muda mfupi hayupo tena kwenye benchi. Wazazi wanacheka utani huo, ila wengi wameshauona ukitokea nyumbani kwao.

Lawama huenda haraka kwa "dunia": simu, kubeti, marafiki wabaya. Lakini mzazi akitazama mtaa kama Olasiti, pembezoni mwa Jiji la Arusha, ataona sababu iliyo ya kawaida zaidi. Kijana ameanza kazi.

Olasiti iko upande wa barabara iendayo Kisongo. Mashamba ya mahindi yamepisha nyumba, na nyuma ya nyumba kuna vyumba vya kupanga. Chalii anayelala kwenye chumba kama hicho anaendesha bodaboda, au anabeba zege, au "amepanda mlima", maana yake amekwenda kubeba mizigo ya watalii Kilimanjaro au Meru. Safari moja ya Kilimanjaro inaweza kuchukua siku 5 hadi 8. Akishuka analala siku moja, anaitwa tena. Msimu wa wageni unapochanganya, kati ya Juni na Oktoba, Jumapili nne zinaweza kumpita akiwa porini. Halafu masika yanaingia, wageni wanapungua, mfuko unakuwa mtupu, na anaona aibu kwenda kukaa kanisani bila sadaka.

Kijana huyu hajaikana imani. Amepotelea kwenye ratiba ya kazi, na hakuna aliyegundua.

Hapo ndipo kikundi cha vijana kinapoonyesha thamani yake, kabla hata ya kwaya na semina. Paroko ana waumini wengi mno kuweza kumkumbuka kila mmoja. Mama anapiga simu anaambiwa "nipo mama, nipo salama", basi. Lakini kijana wa rika lake anajua amepanda na kampuni gani, ameshuka lini, na kwa nini tangu juzi hapokei simu. Huyo anaweza kwenda kugonga mlango saa moja jioni bila kuonekana amekuja kuhubiri.

Kuna padri wa Ubelgiji aliyeliona jambo hili mapema. Joseph Cardijn, aliyezaliwa mwaka 1882, aliingia seminari wakati wenzake wa shule wakienda viwandani. Aliporudi likizo aliwakuta wamekuwa watu wengine. Walimwona kama mtu wa upande wa matajiri, wakamkwepa. Jambo hilo lilimkaa moyoni. Mwaka 1925 alianzisha rasmi chama cha vijana Wakristo wafanyakazi, na miaka 40 baadaye Papa Paulo VI akamfanya kardinali. Kwa Wakatoliki wa Tanzania, njia hiyo ndiyo inayojulikana kwa jina la VIWAWA, Vijana Wakatoliki Wafanyakazi.

Utaratibu wa Cardijn ulikuwa na maneno matatu: ona, amua, tenda. Ni rahisi kuyabandika ukutani na kuyasahau. Yakitumika kweli, mkutano unakuwa hivi: kijana mmoja anasema amepanda mlima mara mbili na hajalipwa. Wenzake wanauliza kilichotokea hasa, nani alimwajiri, kuna shahidi gani. Wanasoma Injili, wanajadili haki ni nini hapo, pamoja na kumuuliza kama naye alitimiza kazi yake. Kisha wawili wanapangiwa kumsindikiza kesho yake kwenda kudai. Wiki inayofuata wanatoa taarifa. Kijana aliyekaa kwenye mikutano ya namna hiyo mwaka mzima amejifunza kusema mbele za watu, kuandika muhtasari, kutunza fedha ambazo si zake, na kukubali kupingwa. Baba anayesema watoto "wanapoteza muda kanisani" angefurahi kuona hayo yanafundishwa chuoni kwa ada.

Walutheri wana umoja wa vijana katika sharika zao, Wapentekoste wana idara zao, na shuleni kuna UKWATA na TYCS. Majina yanatofautiana. Tatizo la kijana aliyemaliza shule ni lilelile kwa wote, kwa sababu vyama vya shuleni vinaishia getini.

Kwa Olasiti suala hili lina uzito wake wa pekee. Parokia ya Kikatoliki hapo ni ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Jumapili ya tarehe 5 Mei 2013, siku ambayo ilikuwa inazinduliwa, bomu lililipuka kati ya waumini. Balozi wa Papa, Askofu Mkuu Francisco Montecillo Padilla, na Askofu Mkuu Josaphat Lebulu wa Arusha walikuwepo na hawakudhurika. Watu watatu walifariki na zaidi ya 60 walijeruhiwa. Watoto walikuwa miongoni mwa walioumia.

Mtoto aliyekuwa na miaka 7 siku ile sasa ni kijana wa kujitegemea. Mzazi aliyemshika mkono zaidi kila Jumapili baada ya hapo hastahili kuitwa mwoga. Ila hofu ya namna hiyo, isipopata mahali pa kusemwa, hugeuka kuwa chuki kwa jirani wa dini nyingine, yuleyule ambaye kijana anakaa naye kijiweni na kupokezana naye abiria. Kikundi kinaweza kuwa mahali pa kuisema hofu hiyo mbele ya mlezi mwenye busara. Kinaweza pia kuwa mahali pa kuichochea. Mzazi ana haki ya kusikiliza mwanawe anarudi na maneno gani kinywani kuhusu Waislamu wa mtaani. Hilo ni kipimo kikubwa kuliko idadi ya nyimbo alizojifunza.

Na tuseme kweli, si kila kikundi kinastahili sifa. Kuna vinavyoishi kwa michango: sare ya kwaya, fulana ya kongamano, nauli ya ziara, zawadi ya harusi ya mwenyekiti. Anayekosa sare ya tatu mwaka huo anaacha kuja, na hasemi kwamba ni fedha, anasema yuko bize. Sare imewatoa kanisani vijana wengi wasio na kitu, na waliowatoa hawakujua. Kuna pia mikesha isiyo na mlezi, inayomalizika usiku wa manane huku mabinti wakitafuta usafiri wa kurudi. Mama anayemkataza binti yake kwenda huko ana sababu.

Lakini kukataza na kununa havitoshi. Mzazi anaweza kwenda kuuliza: mlezi wa vijana ni nani, mkutano unaisha saa ngapi, mabinti wanarudi na nani, asiye na sare anasimama wapi. Kisha aulize lile ambalo viongozi wengi hawajawahi kuulizwa: kijana akikosa Jumapili tatu, nani anapewa kazi ya kumtafuta? Kikundi kisicho na jibu kinaweza kupewa jina la mtu na namba yake siku hiyohiyo, kwa daftari la senti chache.

Zaidi ya hapo, kuna mchango wa nyumbani usiohitaji fedha nyingi. Masika yakiingia na wapagazi wakiwa wamerudi mtaani bila kazi, vijana wawili wanaweza kufika getini jioni, viatu vimejaa tope, wakimuulizia mwenzao. Mzazi mwingine huanza kwa kuhoji ni kina nani na wanataka nini. Mwingine anawaambia, "Yupo ndani, wanangu, karibuni", anaweka sufuria ya chai jikoni, na anakwenda kukaa chumba kingine ili waongee.