Chumvi Ndani ya Tindo

Vijana wengi wa kwetu wanakula kwa kuvunja mawe. Wengine wanapiga mwamba kule machimboni. Wote mikononi wana tindo. Kwa hiyo acheni niwasimulie jambo lililonipata mimi mwenyewe, hata kama linanipa haya.

Tarehe 17/1/2002 volkano ya Nyiragongo ilishuka Goma, ikapita katikati ya mji mpaka Ziwa Kivu. Kiwanja chetu kilifunikwa. Mwaka uliofuata, nikiwa mwanafunzi wa shule ya Biblia, tulianza kuvunja yale mawe ili tujenge tena papo hapo. Tindo yetu ilikuwa butu. Fundi wa chuma aliomba pesa kidogo tu, lakini mimi nikasema, kuna kazi gani hapo? Nikawasha makala, nikavuvia moto, nikaiacha tindo ndani mpaka ikawa karibu nyeupe. Nikaifua ncha, nikairudisha motoni tena kwa muda mrefu, kisha nikaichovya majini. Ikalia tshiii! Nilipoijaribu kwa tupa, tupa iliteleza. Nikafurahi sana.

Kesho yake mdogo wangu aliipiga nyundo mara tatu tu. Ncha ikakatika, kipande kikaruka, kikamuingia shavuni, chini kidogo ya jicho. Mama alipouliza ni nani aliyetengeneza tindo ile, nilinyamaza.

Nikapeleka vile vipande kwa fundi. Hakunikaripia. Aliviinua kwenye jua, akasema, "Kijana yangu, unaona hii chumvi?" Kweli, pale palipovunjika kulikuwa na chembe kubwa zinazong'aa kama chumvi ya mawe. Akaniletea tindo yake ya zamani iliyovunjika: ndani ilikuwa ya kijivu tu, chembe hazionekani kwa macho.

Basi nikajifunza. Chuma chote kimeundwa kwa chembe zilizoshikamana. Kikifika wekundu unaofaa, chembe za zamani zinapotea na ndogo mpya zinazaliwa. Moto ukizidi, au ukikawia, kubwa zinameza ndogo. Ufa unapita upesi kati ya chembe kubwa, lakini kwa chembe ndogo unazuiwa kila hatua. Nilikuja kusoma baadaye kwamba hata magnesi, madini mepesi kuliko alumini, ina mambo kama hayo. Ikisukumwa kati ya magurudumu mazito kuwa bati, chembe zake zinabanwa, na bati hilo linapasuka ukilikunja likiwa baridi. Likipashwa moto, digrii 300 mpaka 400 hivi, chembe mpya zinazaliwa. Likikawia, hizo nazo zinavimba.

Mzee alianza upya. Aliipasha tindo mara tatu, kila mara akiiacha ipoe hewani ili chembe zirudi kuwa ndogo. Alikuwa na sumaku ya redio iliyokufa: sumaku ilipokataa kushika chuma chekundu, alijua moto umekaribia kutosha. Ndipo akachovya ncha peke yake katika mafuta machafu ya gari, akaisugua upesi kwa jiwe mpaka ing'ae. "Sasa tazama, usipepese macho." Joto lililobaki nyuma likaanza kutambaa kuelekea ncha na rangi zake: majani makavu, kahawia, zambarau. Kwenye zambarau akaizamisha yote. Hatua hiyo mimi sikuijua kabisa. Bila hiyo chuma ni kigumu kama chupa, na kinavunjika kama chupa. Kichwa kinachopigwa nyundo hakukigusa. "Hicho kibaki laini," alisema, "kisije kikamrukia mtu."

Jioni ile nilimwambia mama ukweli. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimemlipa mzee.

Jicho lilipona, alama ingaliko. Mawe ya msingi wote wa nyumba ya mama tuliyavunja kwa tindo ile ya mzee. Lakini mpaka leo nikiinua nyundo, mdogo wangu anarudi nyuma hatua mbili.