Usiku Nilikuwa Babu, Mchana Binti Muuza Viazi wa Uyole!

Leo nina siri nimekaa nayo kifuani muda mrefu, na naona heri niitoe mwenyewe kabla hajaitoa mtu mwingine. Mimi unayenisoma hapa, binti wa watu, rasta kichwani na kila kitu, kwa karibu mwaka mzima nilikuwa naamkiwa shikamoo na wanaume wenye ndevu zao. Na nilikuwa naitikia! Marahaba mwanangu, hujambo?

Usicheke. Ngoja nikupe mkasa wenyewe.

Ilikuwa Januari 2021, matokeo ya kidato cha nne yametoka, mimi nimepata divisheni foo ya pointi 31. Wenzangu mliowahi kupita hapo mnaelewa. Ile siyo kufeli, siyo kufaulu, ni kama umelipa nauli ya Tukuyu halafu konda anakushusha Igawilo. Mbele hufiki, nyuma unaona aibu kurudi.

Basi nikabaki nyumbani na mama. Mama yangu anauza viazi hapahapa Uyole, pale barabara kuu inapogawanyika, moja inakwenda Iringa na Dar, nyingine Tukuyu mpaka mpakani Kasumulu. Kazi niliyopewa ilikuwa moja: kuamka saa kumi alfajiri kupokea gunia zinazoshuka na lori kutoka Uporoto. Kama hujawahi kuamka saa kumi Uyole mwezi wa saba, wewe baridi unaisikia redioni tu. Kutwa nzima ni viazi, ndoo, madirisha ya mabasi, na wateja wanaouliza "we binti, mwenye biashara yuko wapi?" Pale kwenye kituo cha utafiti wa kilimo wamezalisha mbegu ya maharage wakaipa jina Njano Uyole. Maharage! Yana jina na yanaheshimika nchi nzima. Mimi nilikuwa "we binti".

Sasa vijana wa mtaani kwetu wengi ni watu wa gemu. Kwenye vibanda wanacheza mpira, kwenye simu wanacheza Free Fire, ule mchezo wa watu 50 kushuka kisiwani na kupigana mpaka abaki mmoja. Nilijaribu, nikauawa ndani ya dakika mbili, tena na mtoto wa darasa la tano wa nyumba ya tatu. Ndipo binamu yangu akanionyesha mwingine, unaitwa RuneScape. Waliouanzisha ni ndugu wa familia ya Gower huko Uingereza mwaka 2001. Mwaka 2013, baada ya wachezaji kuupigia kura, toleo lake la zamani likarudishwa, na mwaka 2018 likaingia kwenye simu. Sura yake imechakaa kweli, watu wana pembe pembe kama wamechongwa kwa panga. Ila haumalizi kifurushi, na kuuanza ni bure.

Huu ni mchezo wa kuvaa uhusika. Unaumba mtu, unampa jina, unamwingiza katika nchi ambamo wapo watu wengine maelfu kutoka dunia nzima, kila mmoja na mtu wake. Hakuna mshindi wala kipenga cha mwisho. Unaanza fukara, na shoka na kijiwavu. Unakata miti, unavua uduvi, unachimba madini, unapika, na chakula unakiunguza mpaka ujue. Kila kazi ina ngazi, 1 hadi 99. Ukikata mti, namba inapanda. Ukikata mwingine, inapanda tena. Hapo ndipo waliponikamata. Shuleni nilikaa miaka minne na sikuwahi kuona namba yangu yoyote ikipanda.

Tena wana ujanja wao. Kufika 99 kunataka pointi 13,034,431. Ukifika ngazi ya 92 unajiona umemaliza, kumbe una pointi milioni 6 na nusu tu. Yaani 92 ndiyo nusu ya safari. Ngazi za mwanzo unazipanda kwa dakika, za mwisho kwa wiki. Nilipolijua hilo nilikuwa nimeshazama, si unajua tena.

Mwanzoni niliumba msichana. Wee! Sikukata miti kumi kabla hajaja mwanaume wa kuniomba niwe mpenzi wake. Nikahama, wakaja wawili. Nikasema jamani, haya si ndiyo yaleyale ya stendi? Mle ndani wakati huo kulikuwa na mchawi wa kukubadilisha kutoka mwanamke kuwa mwanaume kwa sarafu 3,000, lakini jina langu la kike lingebaki palepale. Nikafungua akaunti mpya. Nikaumba mzee, ndevu za kijivu hadi kifuani, nikamwita Babu Loleza, jina la mlima wetu uliopo juu ya mji wa Mbeya. Kuanzia siku hiyo kasheshe zikaisha kabisa.

Usiku mmoja nakata miti zangu, mvua inapiga bati, nikaandika tu kwa Kiswahili, kama mtu anayeongea peke yake: "Mvua ya leo haina adabu." Jamaa mmoja aliyekuwa anakata mti wa jirani akasimama. Akaandika: "Huko wapi mzee?" Basi bwana, tukawa wawili. Baada ya mwezi tukawa tisa. Yeye alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala Dar, mtu mzima mwenye watoto wa sekondari. Kulikuwa na dada anayefanya kazi za ndani Muscat, anaingia kabla bosi wake hajaamka. Kulikuwa na mwanafunzi wa Eldoret, na kijana wa Uvira ambaye Kiswahili chake kilitufanya tucheke hadi tukasahau miti. Wote waliniita Babu. Mlinzi yule kila akiingia anaandika "shkm babu", nami naandika "marahaba mwanangu, zamu inaendaje?"

Miaka 19, msomaji. Namwitikia mtu mwenye umri wa kunizaa!

Na si kwamba nilikuwa nadanganya tu. Babu alikuwa na akili kuliko mimi. Siku moja yule wa Eldoret alipata vazi la vita la bei mbaya, akaja mtu akamwambia nipe nikutilie nakshi za dhahabu bure. Babu akamzuia: mwanangu, huyo ni ndugu yake yule wa ile hela tuma kwenye namba hii. Kweli, ni utapeli mkongwe kabisa mle ndani, umeliza watu miaka nenda rudi. Kijana alinishukuru wiki nzima. Mimi huku nje nilikuwa siwezi hata kumzuia konda anayeniibia chenji.

Baadaye nilisoma kwamba michezo ya namna hii ilianzia Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978, kwa vijana wawili, Roy Trubshaw na Richard Bartle. Wakati huo haikuwa na picha, ni maandishi tu. Bartle ameeleza kuwa walitoka familia za kawaida katika nchi inayompima mtu kwa alikozaliwa, wakataka pawepo mahali pasipo na kipimo hicho. Mwaka 1996 akawagawa wachezaji mafungu manne: wanaotafuta vyeo, wanaotafuta kuijua kila kona, wanaotafuta watu wa kuongea nao, na wanaotafuta wa kuwatesa. Njoo stendi ya Uyole nikuonyeshe wote wanne kabla ya saa nne asubuhi. Ila mimi ningemwongezea la tano, bila kumvunjia heshima mzee wa watu. Kuna sisi tunaokwenda kutafuta kuamkiwa.

Sasa nifike kwenye sehemu ngumu.

Novemba 2021, mvua za kwanza zimeanza. Saa tisa usiku niko macho chini ya blanketi, kifurushi nimenunua kwa hela ya chenji ya viazi ambayo mama alidhani naitumia kutafutia kazi mtandaoni. Tumeingia sehemu inayoitwa Wilderness, sisi tulikuwa tunaiita Nyikani. Kule sheria haipo, mchezaji mwenzako anaweza kukuua akachukua ulichobeba. Nilikuwa nimewaongoza wenzangu wanne na mizigo ya miezi mingi. Simu ikaita. Mama. Ukipokea, mchezo unakatika, na Babu anabaki amesimama kama mgomba wakati maadui wanakuja. Nikaikata. Ikaita tena, nikaikata. Mara ya tatu nikaizima sauti.

Tulitoka salama wote watano. Walinisifu, Babu kiboko yao!

Niliposhika simu vizuri nilikuta amepiga mara sita. Usiku ule mama alikuwa ametangulia barabarani kwa sababu dereva alimwambia atapita mapema, akaniacha mimi nipumzike. Lori likafika, dereva ana haraka, wakamwagia gunia nane pembeni ya lami kwenye tope wakaondoka. Mama akaanza kuziburuta peke yake. Akateleza. Nilimkuta amekaa juu ya gunia, kitenge kimelowa, mkono wa kulia amejishikia na wa kushoto, kifundo kimevimba hivi. Gunia mbili hazikuwepo. Aliponiona hakunigombeza. Alisema, "Nilijua umelala, mwanangu. Unachoka sana siku hizi."

Ningemwambia nini? Nilinyamaza. Hospitalini wakamfunga plasta, wakasema wiki sita.

Wiki tatu sikuingia mle ndani. Nilipokea lori, nilipanga ndoo, nilikimbiza mabasi, usiku nilimsuka mama maana mkono haufiki kichwani. Nilipokuja kuingia ilikuwa kuwaaga tu. Nikawakuta wamewasha moto pembeni ya mti wangu, wamekaa kuuzunguka. Kumbe walidhani Babu amefariki! Wamefanya matanga, jamani. Yule wa Uvira alikuwa ameshaanza kuuliza watu wa Mbeya rambirambi zinatumwaje.

Nikaandika yote. Kwamba Babu hayupo, kuna binti wa miaka 19, anauza viazi, na mama yake ana plasta kwa sababu yake. Dada wa Muscat akajibu wa kwanza: "Mimi nilishajua. Babu gani anajua bei ya wigi?" Mmoja akanitukana tusi zito akaondoka, hajarudi hadi leo. Mwanafunzi wa Eldoret, niliyemwokoa kwa tapeli, akaniomba picha! Nilimsikitikia kuliko nilivyomkasirikia.

Mlinzi hakuandika kitu. Moto wa mle ndani hauchukui muda kuzimika, ukazima, mwingine akauwasha. Nikaandika, kwa mara ya kwanza: "Shikamoo baba."

Alichelewa. Nilijua yuko pale kwa sababu mtu wake alikuwa amesimama mbele yangu. Kisha ikatokea juu ya kichwa chake: "Marahaba binti yangu. Mama anaendeleaje?"

Nililia peke yangu chumbani ile mbaya. Kesho yake akaomba namba yangu ya simu. Babu aliyemo ndani yangu akasema usitoe, utaibiwa wewe. Nikatoa. Iliingia shilingi elfu kumi, na ujumbe kwamba ni ya maziwa ya mama. Mshahara wa mlinzi wa usiku unaujua.

Mwaka 2024 ilitoka filamu juu ya kijana wa Norway, Mats Steen. Misuli yake ilikuwa inakufa taratibu tangu utotoni, akaishi kwenye kiti cha magurudumu, na alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 25. Wazazi wake walikuwa wanaumia kwamba mtoto kaondoka bila rafiki, siku zote alikuwa mbele ya kompyuta akicheza World of Warcraft. Walipotangaza kifo chake kwenye ukurasa wake, barua zikaanza kumiminika kutoka nchi mbalimbali. Mle ndani alikuwa mwanaume mwenye nguvu aliyeitwa Ibelin, anayekimbia, anayesuluhisha ugomvi wa watu. Wenzake wengine walisafiri hadi kwenye mazishi. Wengi waliolia na filamu ile walimlilia Mats. Mimi nilimfikiria zaidi baba yake, mlango wa pili, miaka yote anasikia vidole vinagonga kibodi na hajui kwamba mwanawe anaongea na watu.

Ndiyo maana usiku uleule nilimwamsha mama nikamweleza ukweli wa ile simu, miaka mitatu nimechelewa. Alikaa kimya muda. Kifundo chake bado kinamuuma siku za baridi, na Uyole siku za baridi ndizo siku zenyewe. Halafu akasema, "Hebu nimwone huyo mzee."

Nikafungua. Akaweka miwani. Akamtazama Babu Loleza anakata mti, anakata, anakata.

"Ndiyo kazi yake hii?"

"Ndiyo mama."

"Kwa bibi yako Rungwe miti ipo, hukuwahi kushika shoka." Akaguna. Akaniuliza zile namba ni za nini, nikamweleza. Siku hizi Jumapili jioni, viazi vikiisha, ananiruhusu saa moja, na simu yake nikiiona nadondosha kila kitu, Babu afe tu. Juzi alikuja akasimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai.

"Amefika ngapi mzee wako?"

"Tisini na mbili."

"Kati ya tisini na tisa? Ah, bado kidogo tu huyo."

Nikamwambia ndiyo mama, bado kidogo.