Buluu ya Kikombe cha Bati

Kikombe cha kwanza alichokijua kilikuwa cha bati: cheupe, ukingo wa buluu, kitako kimebanduka hadi chuma cheusi kikaonekana. Ilikuwa Kalokol, kando ya Ziwa Turkana, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa fedha za Norwei kingali kipya na maji ya Ghuba ya Ferguson hayajarudi nyuma. Katika nyumba yao ya makuti ya mkoma, vyombo vingine vyote vilikuwa na rangi ya ardhi: vibuyu, ngozi, mbao zilizopakwa mafuta. Mama alikitundika kikombe karibu na mlango, na kila mgeni alikiona.

Binti hakujua kwamba lile ni pambo.

Alikuja kujua ualimu ulipomfikisha Lamu. Katika nyumba za mawe alionyeshwa zidaka, vishubaka vya chokaa ukutani ambamo waungwana walipanga sahani na mabakuli ya kauri kutoka Uchina. Mambrui, kaskazini mwa Malindi, mabakuli kama hayo yalipachikwa kwenye nguzo ya kaburi. Buluu ya kauri hiyo ni ya kobalti, madini yasiyopoteza rangi katika tanuri kali. Mafundi wa Jingdezhen waliipaka chini ya ukoko wa kioo tangu karne ya 14. Hata ukingo wa kikombe cha bati ni kioo kilichoyeyushwa juu ya chuma, na kwa kawaida buluu yake hutiwa kwa kobalti. Kumbe cha mama kilikuwa na ukoo!

Wala ukingoni mwa ziwa rangi hiyo haikuwa ngeni. Lothagam, kusini mwa Kalokol, wafugaji wa miaka 5,000 hivi iliyopita walizikwa na mapambo ya mawe, yakiwemo ya amazonaiti, jiwe lililo kati ya buluu na kijani.

Aliporudi nyumbani alikuta plastiki imetawala: majagi mepesi, buluu yake ikipauka kwa jua. Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilianza 1992, alinunua sini, vikombe vidogo vya kahawa, kutoka kwa Wahabeshi. Baada ya 2013, Lodwar ikiwa makao makuu ya kaunti, vigae vya sakafu navyo vikajaa madukani.

Alipojenga Lodwar, alimwomba fundi aache kishubaka ukutani. Fundi akadhani ni cha swichi. Leo sini zimepangwa humo, na katikati kipo kikombe cha bati, kitako kimegeuziwa ukuta.