Majina ya watoto wetu yamelala wapi?

Ndugu wasikilizaji, ninyi wa Bunia mjini na ninyi mlio katika kambi za wahami wa vita, leo tuongee juu ya karatasi. Kila ONG ikifika kambini, inaanza kwa kuandika: jina la mtoto, miaka yake, kijiji, baba na mama, mahali alipoonekana mara ya mwisho. Kisha mradi unaisha, bango linang'olewa, jipu inaondoka. Fishi zile zinaenda wapi?

Swali si langu. Mama mmoja wa Djugu ndiye aliyeniuliza huko Kigonze: "Mutoto yangu, baliandika jina ya kijana yangu mu kitabu mu mwaka wa 2003. Ile kitabu iko wapi?" Kijana alipotea katika vita vya mwaka ule, akaandikwa katika kituo cha watoto, akarudishwa nyumbani. Nyumba imechomwa baadaye na kila kitu kilichokuwemo. Leo kijana ni baba wa watoto, lakini hana karatasi hata moja inayoonyesha alizaliwa lini na wapi.

Karatasi za namna hii nyingine zinatunzwa vizuri sana, lakini mbali. Shirika la Save the Children lilianzishwa London mwaka wa 1919 na Eglantyne Jebb na mdogo wake Dorothy Buxton, kwa ajili ya watoto waliokufa njaa Ulaya baada ya vita. Likaenda nchi nyingi, na huku Ituri pia. Nyaraka zake za zamani ziko katika maktaba ya Cadbury, Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza: ripoti, barua, picha, maandishi ya mikutano. Mwanafunzi wa historia anaweza kuomba kuzisoma. Kazi hiyo naiheshimu. Lakini mama wa Kigonze ataanzia wapi?

Tusione ni jambo dogo. Kumbukeni kesi ya Thomas Lubanga kule La Haye. Tarehe 13 mwezi wa 6 mwaka wa 2008, majaji waliisimamisha kabla haijaanza kusikilizwa. Sababu ilikuwa karatasi: mwendesha mashtaka alikuwa na hati zaidi ya 200, nyingi za Umoja wa Mataifa, alizopewa kwa ahadi ya siri, na hakuweza kuzionyesha kwa upande wa mshtakiwa. Kesi ilifunguliwa mwezi wa kwanza 2009. Ikaja shida ya umri: nani alikuwa chini ya miaka 15? Waganga wakapima kwa radiografi za meno na mifupa ya mkono. Majaji walipomkuta na hatia, tarehe 14 mwezi wa 3 mwaka wa 2012, waliegemea sana video zilizoonyesha sura za watoto wenyewe.

Hata hivyo siri ile haikuwekwa bure. Orodha ya watoto waliotoka katika makundi ya silaha ikianguka katika mikono mibaya, inakuwa orodha ya kuuawa. Huku kwetu jina lililoandikwa linaweza kuponya, na linaweza kuua. Kwa hiyo siombi majina yabandikwe ukutani.

Naomba mambo mawili. Kwanza, kila familia ipewe nakala ya fishi yake. Pili, kabla ya kufunga mradi, shirika liwaambie wakubwa wa kambi na wa komini: vitabu vinaenda mahali fulani, na anayevitafuta amwandikie fulani.

Na sisi wazazi tuna kazi yetu. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza mwaka wa 2009 inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto aliyezaliwa. Zikipita, inabidi kupitia tribinali. Najua kwa aliye njiani akikimbia siku 90 ni fupi, lakini cheti kile kinaandikwa hapa hapa kwetu, na si lazima kukitafuta Ulaya.

Anayetafuta ndugu aliyepotea aende kwa Msalaba Mwekundu, kazi hiyo hailipishwi. Na watakaokuja kukuandika kesho, kabla hujaweka alama ya kidole, uliza: nakala yangu iko wapi?